Nani Aliyemuua Kapteni Alex?

Huenda umewahi kutumiwa kwenye simu kipande cha filamu ambamo helikopta inalipua majengo ya Kampala, makomando wanakimbia na bunduki zisizomdanganya hata mtoto, na sauti ya mtu asiyeonekana inashangilia kila anayeanguka. Wengi wetu tuishio ughaibuni tumeijua filamu hii kwa njia hiyo, kama kichekesho kilichotumwa na mfanyakazi mwenzetu anayetaka kujua kama huko kwetu ndivyo filamu zinavyotengenezwa. Swali hilo linastahili jibu.

Filamu yenyewe inaitwa Who Killed Captain Alex?, yaani Nani Aliyemuua Kapteni Alex? Ilitengenezwa Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala, na ikatoka mwaka 2010. Aliyeiandika na kuiongoza ni Isaac Nabwana, mzaliwa wa mwaka 1973, ambaye hapo awali alikuwa akifyatua matofali. Kampuni yake aliipa jina la Ramon, akiunganisha majina ya bibi zake wawili, Rachel na Monica. Inasemwa kwamba gharama zote za filamu hii hazikufika dola 200 za Marekani.

Kisa chake ni chepesi. Kapteni Alex, askari hodari kuliko wote, anatumwa kulifyeka genge la wahalifu liitwalo Tiger Mafia. Ndugu wa kiongozi wa genge anakamatwa, kiongozi anaapa kulipiza kisasi, na kabla hajatimiza kiapo chake Alex anakutwa amekufa. Anakuja ndugu yake Alex, bingwa wa kung fu, kumtafuta muuaji. Risasi zinamiminika hadi mwisho, na swali la kichwa cha filamu halijibiwi kamwe.

Bunduki zilitengenezwa kwa mbao na vyuma chakavu. Damu ya bandia ilitiwa ndani ya kondomu ili ipasuke kifuani mwa mwigizaji kwa wakati wake. Kompyuta ya kuhariria Nabwana aliiunda mwenyewe kwa vipuri vilivyokwisha kutumika, na umeme wa mtaani ulikuja na kukatika upendavyo. Waigizaji walikuwa majirani, wala hawakuwa na mshahara. Wakaliga ilikuwa na desturi yake: filamu ikikamilika, waigizaji wenyewe huingia mitaani, wengine wakiwa na mavazi yao ya uigizaji, wakauza DVD nyumba kwa nyumba na kubaki na sehemu ya bei. Ilikuwa lazima waharakishe, maana haikupita muda kabla ya nakala za wizi kujaa sokoni.

Tuje sasa kwenye ile sauti inayopiga kelele, ambayo mgeni huiona kama kituko. Huyo ni VJ Emmie. Uganda ina desturi ya miaka mingi ya wasimulizi wanaokaa katika mabanda ya video, wakiifasiri filamu ya kigeni kwa Kiganda huku wakitia utani, maoni na majina ya mitaa ya hapo hapo. Waganda huyaita mabanda hayo bibanda; sisi tunasema vibanda, na Dar es Salaam watu wakayapachika jina la vibanda umiza. Nani kati ya waliokulia Tanzania hamkumbuki Lufufu? Nani aliyekulia Kenya hajamsikia DJ Afro? Kwa watazamaji hao, filamu isiyosimuliwa ilikuwa kama chai isiyo na sukari. Kwa hiyo Emmie hakuwa akiiharibu filamu ya Nabwana. Alikuwa akiitendea kama filamu yoyote ya Schwarzenegger iliyopita kibandani, na hiyo ilikuwa heshima.

Nakala ya kwanza ya filamu hii, isiyo na msimulizi, haipo tena. Hifadhi ya kompyuta ilikuwa ndogo, na ili kazi mpya ipate nafasi, kazi ya zamani ilifutwa. Kilichonusurika ni nakala ya DVD, picha zake hafifu, sauti ya Emmie ikiwa ndani yake. Basi kile tunachokionea haya ndicho kilichobaki, na kimebaki kwa sababu watu walikipenda vya kutosha kukitia kwenye sahani na kukiuza.

Onyesho dogo la kuitangaza filamu lilipowekwa YouTube mwaka 2010, lilimfikia Alan Hofmanis, Mmarekani wa New York. Mwishoni mwa mwaka 2011 alifunga safari kwenda Wakaliga, na baadaye akawa mshirika wa Nabwana katika kazi. Filamu nzima iliwekwa YouTube mwaka 2015, ikatazamwa mara mamilioni. Mwaka 2019 filamu nyingine ya Nabwana, Crazy World, ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto. Hayo yote ni mema. Hata hivyo tusisahau utaratibu wa mambo: filamu ilikuwa imekwisha kutengenezwa na kuuzwa kwa majirani kabla dunia haijabisha hodi. Ilitengenezwa ili mtoto wa Wakaliga amwone komando anayesema Kiganda na anayefanana na mjomba wake.

Basi mwenzako kazini akikuuliza, mwambie hivyo. Na ukirudi nyumbani, fungua kabati. Wengi wetu, tuwe Leicester, Muscat au Minneapolis, tuna kanda za VHS na DVD tulizobeba kwenye masanduku: filamu za Kibongo za mwanzoni mwa miaka ya 2000, michezo ya kuigiza, taarab, sinema zilizosimuliwa kwa Kiswahili. Waliozitengeneza nao walikuwa na kompyuta ndogo na umeme wa kubahatisha. Huenda kwao zimekwisha kufutwa. Kabla hujatupa kanda hizo kwa kuwa huna tena mashine ya kuzichezea, tafuta mtu wa kuzihamishia kwenye kompyuta. Nani aliyemuua Kapteni Alex hatutajua. Kilichoiua nakala yake ya kwanza tunakijua, na hicho tunaweza kukizuia.