Kabichi za Leningrad

Kila mkulima anajua sheria moja ambayo hakufundishwa darasani: mbegu haziliwi. Njaa ikiingia nyumbani, watu watakula majani, watachimba mizizi ya porini, wataomba kwa jirani. Lakini kile kifuko kinachoning'inia juu ya moshi wa jiko hakiguswi. Anayekula mbegu amekula mwaka unaokuja. Leo tunataka kuwaeleza ninyi, wasomaji wetu, habari za mji mkubwa wa Ulaya ambamo sheria hiyo ilijaribiwa vikali sana, na jinsi bustani za mboga zilivyowasaidia watu wake kuishi.

Mji huo ni Leningrad, katika nchi ya Urusi. Mwaka 1991 ulirudishiwa jina lake la zamani, Saint Petersburg, lakini sisi tutautaja kwa jina lile ulilokuwa nalo wakati wa vita.

Mji unazungukwa

Tarehe 22 Juni 1941 majeshi ya Wadachi yaliingia Urusi. Kufika tarehe 8 Septemba yalikuwa yamekwisha kukata njia zote za nchi kavu ziendazo Leningrad, na siku ileile mabomu yaliteketeza maghala makubwa ya chakula. Ndani ya mji walibaki watu zaidi ya milioni 2. Hitler hakuhitaji kupigana nao mitaani. Alikusudia wafe kwa njaa.

Basi chakula kikaanza kupimwa. Tangu tarehe 20 Novemba hadi 25 Desemba 1941, mfanyakazi wa kiwandani alipewa gramu 250 za mkate kwa siku. Watoto, wazee na watu wa ofisini walipewa gramu 125 tu, yaani kipande ambacho mtu aweza kukifunika kwa kiganja. Tena mkate wenyewe ulichanganywa na makapi ya mbegu za pamba na vitu vingine visivyo chakula. Baridi ilikuwa kali mno, maji yaliganda ndani ya mabomba, kuni zilikwisha, watu wakachoma viti na meza zao. Njia moja tu ilibaki, ile ya ziwa Ladoga, ambako magari makubwa yalipita juu ya barafu. Njia hiyo iliokoa watu wengi sana, lakini haikutosha. Katika siku karibu 900 ambazo mji ulizungukwa, walikufa watu zaidi ya 600,000, na wako wataalamu wanaohesabu 800,000 au zaidi. Wengi wao walikufa katika majira yale ya kwanza ya baridi.

Viwanja vinakuwa mashamba

Kabla theluji haijaanguka mwaka ule wa 1941, wenyeji walikuwa wamekwenda katika mashamba ya pembeni kuokota majani ya nje ya kabichi, yale magumu ya kijani ambayo zamani walikuwa wakiwatupia ng'ombe. Waliyakata, wakayatia chumvi, wakala. Wale waliobaki hai hawakusahau somo hilo. Theluji ilipoyeyuka mwaka 1942, wakuu wa mji waliwaagiza watu wote kulima bustani, kila mahali penye udongo.

Basi wakalima. Bustani za maua ziligeuzwa kuwa bustani za mboga. Katika ile bustani maarufu iitwayo Bustani ya Majira ya Joto, iliyoanza wakati wa mfalme Petro Mkuu, zikachimbwa tuta kwa tuta. Kiwanja ambacho askari walikuwa wakifanyia gwaride kikapandwa mboga. Wengi wa wakulima hao walikuwa wanawake, maana wanaume walikuwa vitani. Nao walikuwa wadhaifu, wamekonda, miguu imevimba kwa njaa; tena wengi walikuwa watu wa mjini ambao hawakuwa wamewahi kushika jembe. Magazeti na vitabu vidogo viliwafundisha namna ya kuandaa tuta, kupanda, kupalilia na kumwagilia. Wataalamu wa mimea waliwafundisha pia kutambua majani ya porini yanayoliwa: kiwavi, na mmea mmoja ambao Warusi huuita lebeda. Wasomaji wetu hawatashangaa wakisikia kwamba mmea huo ni wa jamii moja na lengalenga zetu. Kumbe mboga ya maskini ina ndugu kila nchi.

Mwisho wa majira ya joto

Lazima tueleze kidogo hali ya nchi ile. Sisi huku, mwenye maji karibu anaweza kulima mboga mwaka mzima. Lakini Leningrad iko mbali sana upande wa kaskazini. Kwa miezi mingi udongo ni mgumu kama jiwe. Mkulima hupewa muda mfupi tu, tangu mwisho wa Mei hadi Septemba. Mwezi wa Juni jua huonekana karibu saa 19 kila siku, na mboga hukua upesi kweli. Lakini mwezi wa Agosti usiku unarudi, umande unakuwa baridi, na kila mtu anajua kwamba jalidi i karibu. Ndipo kazi inapokuwa nyingi. Kitunguu king'olewe na kukaushwa kabla mvua haijakiozesha. Karoti zichimbwe, zifukiwe ndani ya mchanga mahali penye ubaridi. Kabichi ndiyo hungoja mpaka mwisho, kwa kuwa haiogopi baridi kidogo. Hukatwa vipande vidogo, hushindiliwa katika pipa pamoja na chumvi, ikachachuka, ikadumu miezi mingi. Kabichi ya namna hii huzuia kiseyeye, ugonjwa unaotoa damu katika ufizi na kung'oa meno, ambao uliwatesa sana watu wa Leningrad katika baridi ya kwanza.

Mavuno hayo ya mwaka 1942 hayakufanyika kwa amani. Mizinga ya adui iliendelea kupiga mji, na aliyekwenda kupalilia hakuwa na hakika ya kurudi. Hata hivyo walivuna. Ziko picha za wakati ule zinazoonyesha wanawake kati ya kabichi kubwa, na nyuma yao kanisa kubwa la Mtakatifu Isaka, ambalo kuba lake la dhahabu lilipakwa rangi ya kijivu ili ndege za adui zisilione.

Hatusemi kwamba bustani peke yake ziliuokoa mji. Watu wengi walikuwa wamehamishwa, wengine wamekwisha kufa, na chakula kilipitishwa ziwani kwa meli. Lakini baridi ya pili haikuua kama ile ya kwanza, na mapipa yale ya kabichi yalikuwa na sehemu yao.

Nyumba ya mbegu

Sasa tutazame pembeni mwa kiwanja kilekile cha Mtakatifu Isaka. Hapo ipo mpaka leo nyumba ya wataalamu wa mimea. Mkuu wao alikuwa Nikolai Vavilov, aliyezaliwa mwaka 1887. Mtu huyu alizunguka dunia akikusanya mbegu za vyakula. Hata Afrika alifika, akasafiri katika Ethiopia kati ya 1926 na 1927. Wazo lake lilikuwa hili: mbegu za zamani, zilizotunzwa na wakulima wa kila nchi, zina nguvu ya kushinda ukame, baridi na magonjwa, zikipotea, hazirudi. Kufika mwaka 1940 nyumba ile ilikuwa na aina zaidi ya 200,000: ngano, mpunga, mahindi, maharagwe, karanga, viazi.

Watunzaji wa mbegu hizo waliona njaa kama watu wote. Waliziweka ndani ya masanduku ya bati kwa ajili ya panya, wakazilinda. Dmitri Ivanov, mtunzaji wa mpunga, alikufa kwa njaa, na mpunga ukabaki. Alexander Shchukin, mtunzaji wa karanga, alikufa kwa njaa, na karanga zikabaki. Wengine pia walikufa namna hiyo. Viazi vya Ulaya vilikuwa na taabu zaidi, kwa maana kiazi si kama punje ya mahindi: hakikai miaka, na kikigandishwa na baridi kimekufa. Olga Voskresenskaya na Vadim Lekhnovich walivilinda katika chumba cha chini, wakitafuta kuni za kukipasha moto chumba hicho wakati wao wenyewe walikuwa wakitetemeka. Majira ya baridi yalipokwisha, viazi vile vilirudi udongoni.

Wakati huo Vavilov hakuwa pamoja nao. Alikuwa amekamatwa mwezi wa Agosti 1940 na serikali ya Stalin, kwa kusingiziwa uhaini. Alikufa tarehe 26 Januari 1943 katika gereza la Saratov, amedhoofika kwa kukosa chakula. Mtu aliyetaka dunia yote ishibe alikufa kwa njaa. Mwaka 1955 serikali yenyewe ilikiri kwamba hakuwa na hatia.

Je, walifanya vema?

Wengine watauliza: Mtu anawezaje kulinda mchele wakati watoto wanakufa mtaani? Swali hilo ni la haki. Tujibu kwanza kwamba mbegu zile, hata kama zingegawanywa zote, kila mtu asingepata konzi moja. Mji usingepona. Wangepona labda walinzi wenyewe na jamaa zao, na hilo ndilo walilokataa. Hawakuwanyima wengine ili wale wao. Walijinyima wao kwanza. Baada ya vita mbegu zile zilitumika kuzaa aina mpya za mazao, zikalisha watu ambao hawakuwahi kusikia jina la Ivanov wala la Shchukin.

Tunadhani kwamba mama wa kijijini anayechagua maharagwe mazuri kuliko yote, akayaweka kando kabla ya kupika, angewaelewa watu wale upesi kuliko wenye elimu wengi. Basi, wasomaji wapenzi, bustani iliyo nyuma ya nyumba msiidharau, na mboga za wazee wetu msiziache zipotee kwa sababu sokoni kuna nyingine zinazopendeza macho. Mnapovuna, acheni mashina machache yaliyo bora yakomae mpaka yatoe mbegu. Kaushieni kivulini, fungeni vizuri, wapeni na majirani sehemu. Maana mbegu iliyo katika nyumba mbili haipotei upesi kama iliyo katika nyumba moja.