Laini ya umeme Inga–Kolwezi: kazi ya meneja wa shughuli na vijiji vilivyobaki gizani

Watu wakizungumza juu ya laini ya umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, wanataja bwawa, nguzo za chuma na Rais Mobutu. Ni mara chache wanamtaja meneja wa shughuli katika kampuni ya wahandisi washauri. Lakini laini ya kilomita karibu 1700, iliyojengwa katika miaka ya 1970 na kuanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, haiwezi kusimama kwa michoro peke yake.

Katika kampuni za namna hiyo, mhandisi anapima na kuchora. Meneja wa shughuli ndiye anayepanga nani aende wapi, siku gani na kwa vyombo gani. Anafuata matumizi ya feza na ripoti za kila kikosi, ili kosa la mchoro lionekane mbele nguzo haijasimikwa.

Ila meneja anafuata mkataba. Shabaha kubwa ya laini hii ilikuwa kufikisha umeme kwenye migodi ya shaba ya Katanga. Umeme wake ni wa mkondo mnyoofu, unaogeuzwa Inga na Kolwezi; transfoma ya kawaida haiwezi kuuteremsha njiani. Ndiyo sababu waya zinapita juu ya vijiji ambavyo jioni vinawasha taa ya petroli.

Raia waulize mapema, mbele mkataba haujatiwa sahihi. Jambo lisiloandikwa humo, hakuna meneja atakayelipangia siku.