Wati 20 za Kweli

Marehemu baba alituachia vitu vitatu vya maana nyumbani kwetu Tanga: baiskeli, kabati la vitabu na sanduku la santuri. Baiskeli iliuzwa. Vitabu nimeshaviongelea sana hapa, wasomaji wa siku nyingi mnajua. Leo naomba niongelee zile santuri, au tuseme kifaa kilichonihangaisha mwaka mzima ili zisikike tena: amplifaya.

Ndani ya sanduku mna santuri ndogo za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vya Tanga. Mama alizipenda zaidi zile alizoimba Shakila. Gramafoni ya baba ilikufa mimi nikiwa darasa la nne, na tangu hapo hazikupigwa. Nilipopata gramafoni iliyotumika, nikakimbilia dukani kununua sabufa. Boksi lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa: PMPO wati 8,000. Nikaona kazi imekwisha.

Nikachomeka, nikaweka sindano. Sauti ikatoka nyembamba, kama mtu anaongea ndani ya debe. Nikaongeza mpaka mwisho. Ukaja mvumo wa umeme, na kila herufi "s" ikawa inachoma masikio. Mama alivumilia kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, zima. Huyo siyo Shakila."

Wati elfu nane, na Shakila hayumo! Basi nikaanza kutafuta hizo wati zimekwenda wapi.

Kumbe ugomvi huu ni wa zamani. Marekani, kabla ya katikati ya miaka ya 1970, kila kampuni ilipima nguvu ya amplifaya kwa namna iliyoipendeza. Mmoja alihesabu nguvu ya kufumba na kufumbua, mwingine akajumlisha spika zote mbili, mwingine hakusema sauti ilikuwa imeharibika kiasi gani wakati wa kupima. Mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo ikaweka kanuni: ukitaja wati, ziwe za mfululizo, kwa kila upande, pande zote mbili zikifanya kazi pamoja, na useme ukinzani wa spika ni omu ngapi na sauti inaharibika kwa asilimia ngapi. Tena kabla ya kupima, amplifaya ipashwe moto saa nzima kwa theluthi ya nguvu yake. PMPO ya boksi langu haina hata kimoja kati ya hivyo. Ni herufi nne tu, hazina kipimo ambacho watu wamekubaliana.

Ila kanuni ilizuia uongo, haikuzuia mashindano. Kampuni za Japani ziliendelea kupandisha wati, sasa wati za kweli, ndani ya mashine nzito zenye vioo na taa. Mwaka 1978 Pioneer ilitoa SX-1980: wati 270 kila upande, uzito kama kilo 35. Kuibeba ni kazi ya watu wawili.

Mwaka huohuo, kampuni ndogo iitwayo NAD, iliyoanzishwa London mwaka 1972, ikatoa kitu kinyume kabisa. Jina lake 3020. Wati 20 kila upande, kilo tano hivi, rangi ya kijivu iliyopooza, vitufe vichache. Ukiiona dukani unaweza kuipita. Aliyeibuni ni mhandisi kutoka Norway, Bjørn Erik Edvardsen. Amplifaya hiyo ikaja kuwa miongoni mwa zilizouzwa zaidi katika historia. Hutajwa kwamba zilipita milioni moja.

Siri yake ni nini? Edvardsen hakubuni kwa ajili ya karatasi ya vipimo. Alianza na spika yenyewe. Spika inaandikwa omu 8, lakini muziki ukipigwa ukinzani wake unapanda na kushuka, na ukishuka unadai umeme mwingi ghafla. Amplifaya dhaifu hapo inakwama. 3020 ilipewa akiba: ngoma ikipigwa ghafla, kwa muda mfupi mno iliweza kutoa takriban mara mbili ya wati zilizoandikwa. Na ikizidiwa kabisa, ilikuwa na swichi ya kulainisha ule ukingo ambapo wimbi la sauti hukatwa, ili isikwaruze vibaya. Yaani iliandikwa kidogo ikatoa zaidi. Boksi langu lilifanya kinyume.

Na wati 20 zinatosha? Tupige hesabu kidogo, jamani, msikimbie. Ukizidisha wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu. Ili masikio yaseme "imekuwa kubwa maradufu" unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Spika ya kawaida yenye uwezo wa desibeli 88 kwa wati moja, umbali wa mita moja, ikipewa wati 20 inafika desibeli 101. Hapo jirani ameshagonga mlango. Ukinunua ya wati 40 unapata 104. Tofauti ni hiyo tu.

Kosa langu jingine lilikuwa la gramafoni. Sindano inatoa umeme mdogo mno, kama milivolti 5, wakati kicheza CD kinatoa hadi volti 2. Isitoshe, santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zimeongezwa, ili mfereji usiwe mpana sana. Lazima kuwe na sakiti ya kurudisha mizani hiyo. Sabufa yangu haikuwa nayo, ndiyo maana Shakila akageuka debe. 3020 ina tundu la gramafoni lenye sakiti hiyo ndani, na kila kitu kimo kwenye boksi moja: cha kuchagua chanzo, cha kupunguza sauti, na cha kusukuma spika. Ndiyo faida ya amplifaya ya namna hii kwa anayeanza. Ni boksi moja, gramafoni na spika mbili, basi.

Nikazunguka kwa mafundi redio hadi nikaipata moja, imejaa vumbi chini ya meza. Fundi akaniambia, "Kaka, hii mzee, lakini haijafa." Nyuma imeandikwa volti 240, nikashukuru, ingekuwa ya Marekani ya volti 120 ningetafuta na transfoma. Akabadilisha kapasita zilizochoka, akasafisha voliumu iliyokuwa inakwaruza. Jumla, pamoja na ufundi, haikufika nusu ya bei ya sabufa.

Asiyetaka vya zamani, zipo mpya ndogo. Hata NAD wenyewe walirudi na D 3020 mwaka 2013, ya kidijitali, inapokea muziki wa simu. Ila hiyo ya 2013 haina tundu la gramafoni. Ukiingia dukani uliza mambo manne: wati za mfululizo ni ngapi, kwa omu ngapi, kwa pande zote mbili pamoja, na tundu la gramafoni lipo? Muuzaji akikujibu PMPO, aga vizuri uondoke.

Jumapili iliyofuata nikaifunga sebuleni na spika mbili za mbao. Voliumu haikufika hata nusu. Ala zikaingia, kisha sauti. Mama alikuwa anachambua mchele. Mikono ikasimama juu ya ungo. Hakusema chochote mpaka sindano ikafika katikati na kuanza kuzunguka bure.

"Geuza upande wa pili," akasema.