Kadi ya CONADER, na mama aliyeandikwa "mke"

Karibu kila juma mtu anafika kwenye biro yetu hapa Goma na mfuko wa plastiki mkononi. Ndani mna kadi ya CONADER, imechanika, picha haionekani vizuri. Anauliza: "Ile franga yangu ya 2006 nitaipata wapi?" Kumjibu, tunarudi nyuma kidogo.

CONADER iliundwa Desemba 2003, baada ya vita vikubwa. Kila mpiganaji aliulizwa achague: kuingia jeshi jipya, ao kurudi raia. Wa jeshi walipelekwa brassage, kama pale Rumangabo. Waliochagua nyumbani waliahidiwa dola 110 za kuanzia, kisha dola 25 kila mwezi kwa miezi 12. Wengi walipata, wengine walipata nusu. Mwaka 2007 CONADER ikaondolewa, dosie zikaingia mikono mingine, na mwaka 2021 ikaja P-DDRCS. Kila jina likibadilika, mwenye deni anaanza tena mlangoni.

Lakini yule tunayemfikiria sana hana hata kadi. Mama mmoja wa Masisi alibeba risasi na kupika porini miaka mitatu. Siku ya kuandikisha akaambiwa: "Mama, haukukuwa na bunduki, haukukuwa askari." Bwana yake akaandikwa mpiganaji, yeye akaandikwa mke tu. Wanawake wengi walipotelea hapo.

Alipoleta lalamiko, tulitaka kwanza kuandika juu ya haki. Kwa kweli lingekuwa kosa. Malalamiko ya namna hiyo yanajibiwa "tutaona". Yeye mwenyewe ndiye aliyetoa fotokopi ya fishi ya marehemu bwana yake. Jina lake lilikuwa pale, na tarehe, na kituo. Karatasi iliyomfukuza njo ilionyesha kwamba alikuwepo. Tukaongeza mashahidi wawili waliokuwa naye na jina la kamanda, tukaomba neno moja lisahihishwe, si franga kwanza.

Barua ilipokelewa na kupigwa muhuri. Nakala iko kwenye kabati letu, jibu tunalingojea.

Wanachama wenye fishi za zamani, hata za bwana ao kaka aliyekufa, mutuletee mbele mvua hazijaziharibu. Fotokopi inalipwa na mchango wa wafadhili wetu. Na yeyote aliyekuwa na huyu mama porini, apite biro: tunatafuta shahidi wa tatu.