Kutoka Bahasha Hadi Handaki: Nani Amekata Njia?

Dzaleka, wilayani Dowa, si mbali na jiji la Lilongwe, lilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Enzi za Kamuzu Banda, aliyeandika barua alijua kwamba huenda ingefunguliwa na macho mengine kabla ya kumfikia mlengwa. Mwaka 1992, baada ya barua ya kichungaji ya maaskofu Wakatoliki kusomwa makanisani tarehe 8 Machi, Wamalawi waliokuwa uhamishoni walituma nyumbani maandishi ya upinzani kwa faksi, kupitia nyaya za simu. Tarehe 14 Juni 1993 wananchi walipiga kura ya maoni, wakachagua mfumo wa vyama vingi.

Haja ile ile ya kuifunga bahasha ndiyo inayotimizwa leo na handaki la mtandao, maarufu kama VPN. Handaki husimba data ndani ya kompyuta yako, likazipitisha katika intaneti ya kawaida na kuzifungua kwenye seva ya upande wa pili. Anayechungulia njiani huona bahasha, haoni maandishi. James Yonan alitoa OpenVPN mwaka 2001. Jason Donenfeld naye alibuni WireGuard, ambayo mwaka 2020 iliingizwa katika toleo la 5.6 la kiini cha Linux, kazi iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Zote ni programu huria: msimbo wake uko wazi kwa yeyote atakaye kuukagua.

Hata hivyo, handaki lina mipaka, na Uganda ilituonyesha mipaka hiyo Januari 2021. Tarehe 12 mitandao ya kijamii ilizuiwa, lakini wenye VPN waliendelea kuifikia. Usiku wa tarehe 13, mkesha wa uchaguzi, intaneti yote ikakatwa, na mahandaki yakafa pamoja nayo. Kongo, walikotoka wengi wa wakazi wa Dzaleka, ilikaa takriban siku 20 bila intaneti baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018. Mlango uliofungwa waweza kuzungukwa. Barabara iliyong'olewa haizungukiki.

Kwa sababu ya historia hiyo, handaki linapokatika wengi hukimbilia kusema, "Serikali imetufungia." Huenda ni kweli. Lakini tuhuma ya raia huwa na uzito pale tu alipokwisha kupima, na Linux inampa vipimo.

Kwanza, zima handaki ujaribu intaneti ya kawaida. Ikikosekana, chunguza salio, mnara, au habari za kukatwa kwa mtandao.

Pili, ikiwa intaneti ipo, andika amri "wg show" utazame salamu ya mwisho kati ya kompyuta na seva. Isipokuwepo, tazama saa ya kompyuta. WireGuard huweka wakati ndani ya salamu yake, na seva hukataa salamu yenye wakati uliotangulia ule iliokwisha kuupokea. Kompyuta kuukuu ambayo betri ya saa yake imekufa hurudi nyuma miaka mingi kila umeme unapokatika. Itakataliwa ingawa hakuna aliyeizuia.

Tatu, saa ikiwa sahihi, jaribu handaki hilo hilo kwa mtandao wa kampuni nyingine. Likifanya kazi huko, yaelekea mtandao wa kwanza unazuia UDP, njia pekee ya usafirishaji inayotumiwa na WireGuard. OpenVPN yaweza kupita kwa TCP.

Nne, salamu ikipatikana lakini kurasa zikakwama, huenda vifurushi vya data ni vikubwa kuliko njia. Punguza kipimo cha MTU kutoka 1420 hadi 1280.

Mwisho, hakikisha kwa amri "ip route get" kwamba data zako zinapita handakini kweli. Handaki lililokufa kimyakimya ni hatari kuliko kutokuwa na handaki, kwa kuwa mwenyewe huandika siri zake akidhani bahasha imefungwa.

Kila mara andika tarehe, saa, jina la mtandao na matokeo ya kila kipimo. Daftari la mtu mmoja laweza kupuuzwa. Madaftari ya watu kumi, wa mitandao mbalimbali, yanayotaja saa ile ile, ni ushahidi ambao mamlaka yoyote italazimika kuujibu.