Kodi ya Nyumba: Historia ya Maneno ya Fedha katika Serikali za Mitaa

Ukimwuliza mkazi wa Dar es Salaam kama amekwisha kulipa kodi ya nyumba, yafaa kwanza ujue kama ni mwenye nyumba au ni mpangaji. Mpangaji atadhani unamwuliza habari za fedha ampazo mwenye nyumba. Mwenye nyumba atadhani unamwuliza habari za fedha aipazo serikali. Wote wawili watakuwa wamesikia maneno yale yale matatu, na hapana hata mmoja aliyekosea. Kiswahili chetu kimeliacha neno kodi libebe mizigo yote miwili, na kwa miaka mingi hapakuwa na aliyeona taabu.

Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba utata huo una historia yake, na kwamba siku hizi umeanza kuwagharimu watu fedha. Nitapitia pia maneno mengine machache yatumiwayo na halmashauri zetu za wilaya na miji katika kupanga mapato, kutoza na kukopa, kwa kuwa maneno hayo yatokana na historia ile ile.

Kabla ya utawala wa Kijerumani nchi hizi hazikukosa malipo yaliyotolewa kwa wakuu. Misafara iliyopita Ugogo katika karne ya 19 ilitozwa hongo na watemi, kwa nguo, shanga na nyaya. Burton na Speke waliopita huko mwaka 1857 walilipa kama walivyolipa wengine. Hongo ile ilikuwa malipo ya kupita na kuteka maji katika nchi yenye wenyewe, wala haikuwa siri. Leo neno hilo lina maana ya rushwa tu, nalo ni mfano mzuri wa jinsi malipo yanavyoweza kuvunjiwa heshima pale mamlaka yaliyoyatoza yanapovunjwa. Pwani palikuwa na ada, yaani lile lililozoeleka kutolewa. Asili ya neno ni desturi, na maana ya fedha ilikuja baadaye. Palikuwa pia na ushuru, neno la Kiarabu litokanalo na sehemu ya kumi, uliotozwa bidhaa forodhani. Msomaji ataona kwamba katika yote matatu mlipaji alijua analipia nini: njia, desturi, au mali inayopita. Hakuna hata moja lililotozwa paa la mtu kwa sababu tu amelala chini yake.

Jambo hilo lilianza mwaka 1897, wakati wa Gavana Eduard von Liebert, Wajerumani walipotangaza kodi ya nyumba katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Nyumba ya shamba ilitozwa rupia 3 kwa mwaka, na nyumba za mijini zilitozwa zaidi. Kwa nini nyumba? Kwa sababu nyumba yahesabika. Mtu aweza kuingia msituni akida anapokuja, lakini nyumba haikimbii. Tena shabaha haikuwa fedha pekee. Mtu asiye na rupia ilimpasa azitafute, na rupia zilikuwa kwenye mashamba ya walowezi na kwenye kazi za serikali. Kodi na kilimo cha pamba cha kulazimishwa vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907.

Tangu siku hizo, basi, maneno kodi ya nyumba yaliingia masikioni mwa watu yakiwa na maana ya malipo yasiyo na malipo: mtu hutoa, wala haambiwi amepata nini. Nyumba yenyewe haikupimwa thamani. Kibanda cha fito na udongo cha mjane na nyumba kubwa ya jirani yake katika kijiji kimoja vilitozwa sawa. Watu nao walijibu kwa akili zao. Walisongamana katika nyumba chache ili wahesabiwe kidogo, na hivyo serikali ikalazimika kumtoza mtu mwenyewe badala ya paa. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika waliziunganisha njia hizo mbili katika sheria moja ya mwaka 1922, na wananchi wakazipa majina yaliyo wazi kuliko ya sheria: kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Hilo la pili lilikuwa na nguvu kiasi kwamba halmashauri zilipoanza kutoza kodi ya maendeleo miaka ya 1980, watu wengi waliendelea kuiita kodi ya kichwa mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Mtunzi wa istilahi aweza kubadili jina. Mlipaji hutazama kinachotoka mfukoni mwake.

Mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ilitungwa sheria ya mamlaka za wenyeji. Watemi na machifu wakawa na hazina zao, na sehemu ya kodi iliyokusanywa ilirudishwa kwao ili walipe makarani, matarishi na matengenezo ya njia. Hapo ndipo mapato na matumizi yalipoanza kuandikwa kwa wino katika ngazi ya chini, yakipelekwa kwa Bwana Shauri ayatazame na kuyapitisha. Jina la makadirio hayo lastahili kuangaliwa, maana mpaka leo tunayo matatu. Wengine husema makisio. Bungeni husemwa makadirio ya mapato na matumizi. Magazetini na mitaani husemwa bajeti. Kukisia ni kubahatisha. Mtu hukisia umri wa mgeni kwa kumtazama uso. Kukadiria ni kupima kwa kiasi kinachojulikana. Halmashauri iandikayo kwamba itapata fedha fulani za ushuru wa mazao, bila kujua mavuno ya mwaka uliopita, imekisia. Ile iliyohesabu magunia imekadiria. Ningependa tofauti hiyo ihifadhiwe, kwa kuwa diwani aulizaye mkutanoni kama hesabu iliyoletwa ni makisio au ni makadirio atakuwa ameuliza swali la maana sana. Bajeti nalo ni neno la wageni, na kwao lilianza kwa maana ya mfuko mdogo wa ngozi. Halina ubaya, ila halisemi lolote juu ya jinsi hesabu ilivyopatikana.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1969 halmashauri za wilaya ziliondolewa vyanzo vyao vikubwa, yaani kodi ya kichwa na ushuru wa mazao. Mwaka 1972, katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, zilivunjwa halmashauri za wilaya zenyewe, na mwaka uliofuata zikavunjwa za miji. Jina la mpango lilisema madaraka yanashuka. Maafisa walishuka kweli kutoka makao makuu hadi mikoani, lakini baraza lililochaguliwa na walipaji halikuwapo tena. Miji iliharibika upesi, hata halmashauri za miji zikalazimika kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1978. Mwaka 1982 zikatungwa sheria za kurudisha serikali za mitaa kwa jumla, pamoja na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Na. 9 ya mwaka huo, nazo zikaanza kazi mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka huo wa 1984 kwamba kuzivunja kulikuwa ni kosa.

Halmashauri zilirudi, lakini mfuko haukurudi ukiwa umejaa. Tangu hapo sehemu kubwa ya fedha zao imetoka Hazina, na fedha hizo huitwa ruzuku. Sina ugomvi na neno lenyewe, ni zuri na limekaa vizuri katika Kiswahili. Lakini tukumbuke litokako. Mungu humruzuku mja wake; mja hana haki ya kudai, hupokea na kushukuru. Fedha ziendazo wilayani kulipa mishahara ya walimu na kununua dawa za zahanati zimetokana na kodi za wananchi wale wale, na zimepitishwa na Bunge. Zikichelewa, mkurugenzi husema ruzuku haijafika, nao wajumbe hukaa kimya, kwa kuwa asiye na rizki husubiri. Kama zingeitwa mgawo, huenda mtu angeuliza mgawo wetu uko wapi.

Juu ya madeni sitakaa sana, kwa kuwa halmashauri zetu hazikukopa mengi. Sheria ya 1982 inaziruhusu kukopa kwa idhini ya waziri, na iliunda Bodi ya Mikopo ya Serikali za Mitaa. Lugha hapa ina utajiri ambao hatujautumia. Kuazima ni kuchukua kitu na kurudisha kile kile, kama jembe au sufuria. Kukopa ni kuchukua na kulipa mfano wake, na katika Kiswahili cha zamani kulikuwa pia na maana ya kumhadaa mtu mali yake, jambo linaloeleza kwa nini wazee hawakulipenda. Karadha ni mkopo usio na riba, na neno hilo sasa limekaribia kusahauliwa. Hali tunalihitaji. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, sehemu 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 ili urekebishwe, kisha ukaanza tena mwaka 2024. Kila mara hulazimika kuandikwa mikopo isiyo na riba, maneno manne, na watu bado hudhani ni zawadi. Neno moja lililo tayari lingetosha, nalo labeba ndani yake wajibu wa kurudisha. Kwa upande wa miradi mikubwa, mamlaka ya maji ya Tanga iliuza mwaka 2024 hati fungani ya shilingi bilioni 53.12, itakayolipwa kwa mapato ya maji yenyewe. Istilahi hati fungani nimeisikia ikidhaniwa kuwa ni hati iliyofungwa isisomwe. Maana yake ni hati imfungayo mkopaji kwa ahadi yake, na ingefaa kila itangazwapo ielezwe hivyo.

Narudi kwenye nyumba. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya kuziwezesha mamlaka za miji kutoza majengo kwa kufuata thamani yake. Sheria iliandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kina jina maalumu kwa kodi itozwayo na mji juu ya nyumba na ardhi, lililo mbali na jina la kodi ya serikali kuu, na mbali zaidi na jina la malipo ya mpangaji. Sisi tulikuwa na kodi tu. Wafasiri wakafanya jambo la busara: wakaacha nyumba wakachukua majengo, ikawa kodi ya majengo. Pamoja nayo likapata nguvu neno uthamini, kwa maana ya kupima bei ya mali isiyohamishika, nayo tathmini ikabaki kwa kupima kazi na mipango. Maneno yote mawili yametoka katika thamani, na kuyatenga hivyo ni kazi njema ambayo sijaona ikisifiwa.

Ila uthamini ni kazi ghali, na majengo mengi ya miji yetu hayakuwahi kufikiwa na mthamini. Mwaka 2016 ukusanyaji ulipelekwa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Mwaka 2021 ukaunganishwa na ununuzi wa umeme kwa mita ya LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila ghorofa ya jengo la ghorofa, mwaka 2023 zikawa 1,500 na 7,500. Ni njia nyepesi, na haina karani wa kubisha hodi. Lakini tazama imetufikisha wapi. Nyumba ya vyumba viwili pembezoni mwa mji na nyumba ya fahari ya chini kando ya bahari hutozwa sawa, kama vibanda vile vya mwaka 1897. Thamani imetoka, hesabu ya paa imerudi.

Na hapa ndipo utata wa neno unapogeuka kuwa shilingi. Sheria yamtaka mwenye jengo alipe. Mita, hata hivyo, iko mkononi mwa anunuaye umeme, naye mara nyingi ni mpangaji. Mpangaji huyu amelipa kodi ya nyumba kwa mwenye nyumba, kisha akakatwa kodi ya nyumba ya mwenye nyumba. Akienda kudai arudishiwe, ataambiwa: si ni kodi ya nyumba, na wewe ndiwe ukaaye ndani? Jibu hilo si la haki, lakini kwa lugha ilivyo lasikika kama lina mantiki.

Jambo lazidi kuwa gumu tukitazama ardhi. Katika Tanzania ardhi ni mali ya umma. Milki za moja kwa moja zilifutwa mwaka 1963, na mwenye kiwanja ana haki ya kukitumia tu. Kwa hiyo hulipa serikali kodi ya pango la ardhi. Yaani mwenye nyumba naye ni mpangaji, na maneno kodi na pango yamewekwa pamoja kama kwamba moja peke yake lisingetosha.

Pendekezo langu kwa wanaoshughulika na istilahi ni kwamba pango litumike kwa malipo yote ya kukaa katika mali ya mwingine: pango la nyumba kwa mpangaji, pango la ardhi kwa mwenye kiwanja, bila kodi mbele yake. Kodi ibaki kwa yale yatozwayo kwa sheria na mamlaka ya umma. Mikataba ya upangaji iliyochapishwa kwa Kiswahili, ambayo karibu yote huandika kodi, ianze na hilo. Na kwa kuwa tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, kazi ya kufasiri sheria za 1982 na 1983 ni nafasi ya kuyapanga maneno haya kabla hayajagandishwa tena kwa wino wa serikali.