Duka au Soko? Historia ya Masharti ya Programu za Kusomea Vitabu

Katika kazi ya istilahi, neno linalodhaniwa kuwa wazi ndilo mara nyingi linalotupoteza. "Duka la programu" ni neno la namna hiyo. Limekwisha enea miongoni mwa watumiaji wa simu, lakini historia ya programu za kusomea vitabu vya kielektroniki yaonyesha kwamba linaficha jambo kubwa.

Kampuni ya Apple ilifungua duka lake la programu Julai 2008. Mwenye programu alipanga bei mwenyewe, nayo Apple ikakata asilimia 30. Machi 2009 Amazon ilitoa programu ya Kindle kwa simu za iPhone. Msomaji alibonyeza kitufe, akafikishwa kwenye tovuti ya Amazon na kununua kitabu huko, pasipo Apple kupata chochote. Mwaka 2010 Apple nayo ilianza kuuza vitabu kwa programu yake ya iBooks.

Februari 2011 Apple ilitangaza masharti mapya: anayeuza vitabu nje ya programu sharti aviuze pia ndani yake, na mauzo ya ndani yakatwe asilimia 30. Juni sharti hilo lililegezwa, lakini vitufe vya kumpeleka msomaji nje vilikatazwa. Julai vikaondolewa katika Kindle, Nook na Kobo.

Uzito wa masharti hayo waonekana katika hesabu. Wakati huo wachapishaji wakubwa wa Marekani walifuata utaratibu wa uwakala: mchapishaji hupanga bei, muuzaji hupata asilimia 30. Kitabu cha dola 10 kilimpa muuzaji dola 3. Apple ikidai asilimia 30 ya bei, dola hizo zote zimekwenda. Programu ya iFlow Reader ilifungwa Mei 2011, na wenyewe walitoa sababu hiyo hiyo. Apple, kwa vitabu ilivyouza yenyewe, ilibaki na fungu lake zima.

Mabadiliko yaliletwa na vyombo vya sheria. Septemba 2021, baada ya uchunguzi wa Tume ya Biashara ya Haki ya Japani, Apple ilikubali programu za kusomea ziweke kiungo kimoja cha kwenda nje, kuanzia 2022. Aprili 2025 mahakama ya California iliizuia kutoza mauzo yanayofanyika nje kwa njia ya viungo. Mwezi uliofuata Kindle ya Marekani ikapata tena kitufe, ingawa shauri liliendelea katika rufani.

Sasa turudi kwenye neno letu. Mwenye duka hununua bidhaa, akaiuza, na ikioza hasara ni yake. Huyu tuliyemweleza hanunui kitabu. Hutoza ushuru mlangoni, na papo hapo ana kibanda chake ndani. Huyo Waswahili humwita mwenye soko. Msomaji aliyefundishwa "duka" akikosa kitufe cha kununulia humlaumu muuza vitabu, kwa kuwa neno halimwonyeshi aliyeshika mlango.

Kwa hiyo twapendekeza "soko la programu" kwa mahali hapo, na "ushuru wa soko" kwa kile kinachokatwa; "duka" libaki kwa anayeuza vitabu. Wasomaji wenye maoni tofauti wanaombwa watuletee hoja zao.